Gari la kale: namna ya kulimiliki, kuliendesha na kuliuza

Gari la kale lina maadui wawili: kukaa bila kutembea, na kukosa karatasi. Lililosimama huliwa na kutu, panya na raba zinazokauka. Lisilo na karatasi hufika sokoni likiwa chuma kinachong'aa tu, na mnunuzi anayejua kazi yake hulipa bei ya chuma. Mwongozo huu unaanza na kununua na kuishia kwenye kukabidhi funguo, lakini utayarudia mambo hayo mawili karibu kila hatua: litembeze, na uandike.

Hatua ya 1: Chagua enzi kabla ya kuchagua gari

Umri wa kuitwa gari la kale haufanani kila mahali. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoundwa mwaka 1966, linataka gari liwe na miaka 30 au zaidi, liwe limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na lisiwe la kuendea kazini kila siku. Chama cha wapenda magari ya kale cha Marekani, AACA, kinaridhika na miaka 25. Uingereza husamehe kodi ya barabara kwa gari lililopita miaka 40. Haya si mambo ya kubishania kijiweni tu. Usajili, ukaguzi, bima na hata ruhusa ya kuliingiza gari nchini hufuata umri huo, kwa hiyo iulize mamlaka ya usajili kabla hujalipa.

Kwa dereva, kinacholeta tofauti kubwa ni muongo ambao gari lilitoka kiwandani. Stata ya umeme ilianza kwenye Cadillac ya mwaka 1912, na kwa miaka mingi baadaye magari ya bei nafuu yaliendelea kupigwa hendeli, yaani kuwashwa kwa kuzungusha injini kwa mkono. Gia zenye sinkromeshi, kifaa kinacholinganisha kasi za gia ili ziingie bila kugongana, zilikuja mwaka 1928. Kampuni ya Ford haikuweka breki za haidroliki mpaka magari yake ya mwaka 1939. Kabla ya hapo mguu wako ulivuta vyuma na nyaya. Kila ukirudi nyuma miaka kumi, unajifunza udereva upya.

Anayeanza namshauri achukue gari la miaka ya 1950 hadi 1970 lililotengenezwa kwa wingi. Volkswagen Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na uzalishaji ulikoma mwaka 2003 tu, kwa hiyo spea zipo. Akitaka la zamani zaidi, Ford Model T, iliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927 kwa idadi ya kama milioni 15, bado ina vipuri vipya vinavyotengenezwa. Gari adimu lina sifa sana mbele za watu, mpaka siku kifuniko cha distributa, kigawa umeme wa plagi, kinapopasuka na duniani hakuna cha kukibadilisha.

Na nunua lililo zima kadiri mfuko wako unavyoruhusu. Injini hufunguliwa na kufungwa ikapona. Bodi iliyooza haina mwisho: ukikata kipande kimoja, unakuta na cha nyuma yake kimeoza.

Hatua ya 2: Likague likiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya injini. Ikiwa ina joto, uliza kwa nini. Gari linalosumbua kuwaka asubuhi hupashwa moto kabla ya mgeni. Nenda mchana, gari likiwa kavu, kwa sababu maji huficha mabonyeo na rangi mbaya.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi, upitishe sehemu za chini za milango, kingo za matao ya magurudumu na kandokando ya taa. Inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti nene, au bodi hapo ni ya alumini au faiba. Jua ni ipi kabla ya kumshutumu mtu. Nyanyua mazulia. Chungulia buti chini ya tairi la akiba. Lala chini uangalie springi zinapofungwa kwenye chesi, maana huko ndiko kutu inakogeuka kutoka aibu kuwa hatari. Kwa magari ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mengi bodi yake imejengwa juu ya fremu ya mbao. Fungua mlango, uushike kwa chini, unyanyue kidogo. Ukicheza, ni bawaba zimelika au mbao imeoza, na mbao ni kazi ya seremala mwenye subira na bili ndefu.

Kisha waambie waliwashe. Moshi wa bluu unaodumu ni oili inayoungua. Mweupe usiokatika hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli nyingi, na mara nyingi huo ni ugonjwa rahisi wa kabureta. Omba silinda zipimwe kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo: tofauti kati ya silinda moja na nyingine inasema mengi kuliko kipimo chenyewe.

Mwisho ni namba. Soma namba ya chesi na ya injini kwa macho yako, si kwa kusomewa, uzilinganishe na hati. Mfumo wa namba ya chesi yenye tarakimu na herufi 17 ulianza kuwa wa lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, kwa hiyo namba fupi si dalili ya wizi. Injini iliyobadilishwa nayo si dhambi, ila bei lazima ishuke. Lisilo na hati kabisa, au lenye hati ya jina la mtu ambaye hakuna anayejua alipo, liache. Huyo ni mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe si la muuzaji.

Hatua ya 3: Kuliamsha lililolala

Umelipata, limesimama ghalani miaka kadhaa. Kishawishi cha kwanza ni kufunga betri na kupiga stata. Usifanye hivyo. Ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na silinda, na stata yenye nguvu huvunja kile ambacho mafuta kidogo na siku mbili za kusubiri zingekiachia. Fuata mpangilio huu:

1. Toa plagi zote, mimina oili nyepesi kidogo kwenye kila tundu, uache usiku mzima au zaidi. Kisha zungusha injini kwa mkono. Ikigoma, ongeza oili na subira, usiongeze nguvu.
2. Mwaga oili yote ya zamani na ubadilishe filta, kama ipo. Injini nyingi za zamani hazina.
3. Toa petroli iliyooza. Ina harufu kama ya vanishi, na imeacha gundi kwenye tangi na kabureta. Safisha vyote viwili, badilisha mipira yote ya mafuta, weka chujio jipya.
4. Angalia nyaya. Zile zilizofunikwa kwa nguo na mpira wa zamani hupukutika zikikunjwa, na moto wa gari la kale mara nyingi huanzia hapo.
5. Fungua breki zote nne kabla gari halijasogea hata mita moja. Lainingi za zamani zina asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi lake kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Silinda za magurudumu na mipira ya breki badilisha bila kujadili.
6. Sasa betri. Kabla ya kuifunga, hakikisha kama mfumo ni wa volti 6 au 12, na ni ncha ipi inayofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza mpaka miaka ya 1960, na hata Ford Model A, hufunga chanya kwenye bodi. Ukigeuza, unaweza kuharibu vifaa vya umeme.

Kuhusu volti 6 kuna lawama isiyo ya haki. Watu husema mfumo huo ni dhaifu, kumbe mara nyingi mtu alibadilisha nyaya nene za betri akaweka nyembamba za volti 12. Kwa nusu ya volti unahitaji mkondo mara mbili kwa kazi ile ile, na waya mwembamba hauupitishi. Rudisha waya mnene, sugua sehemu za erthi mpaka chuma kionekane, na stata itageuka vizuri.

Matairi nayo usiyahukumu kwa macho. Tairi la gari linalotembea kidogo huzeeka kabla halijawa kipara. Yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Yakifika miaka kumi, yatoe hata kama bado yanapendeza. Na usichanganye ya radiali na ya nyuzi mtambuka, aina mbili za ujenzi wa tairi, kwenye ekseli moja.

Hatua ya 4: Kuliendesha

Kwanza zoea kusimama. Tafuta barabara tupu iliyo tambarare, ukanyage breki kwa mwendo mdogo, kisha wa kati, mpaka ujue gari linavuta upande gani na linahitaji umbali gani. Breki za dramu hupoteza nguvu zikipata moto, na gari la kabla ya miaka ya 1960 kwa kawaida lina masta silinda, pampu kuu ya breki, ya njia moja: mpira mmoja ukipasuka, kanyagio linakwenda chini bila kushika na magurudumu yote hayana breki. Kwa hiyo breki ya mkono iwe nzima siku zote. Kwenye mteremko mrefu shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, na ingia kwenye gia hiyo ukiwa bado juu.

Giaboksi isiyo na sinkromeshi hutaka klachi mara mbili. Kupandisha gia: kanyaga klachi, toa gia kwenye nyutro, achia klachi, kanyaga tena, ingiza gia inayofuata. Kushusha ni vilevile, ila ukiwa nyutro na klachi umeiachia, ongeza mafuta kidogo ili mzunguko wa injini uifikie kasi ya gia ya chini. Ukikosea, gia zitapiga kelele mpaka wapita njia wageuke. Baada ya wiki chache mguu unafanya wenyewe.

Model T ina sheria zake, na dereva stadi wa magari ya leo ndiye anayekuwa hatari zaidi ndani yake. Kanyagio la kushoto likikandamizwa mpaka chini ni gia ya chini, na likiachiwa, breki ya mkono ikiwa mbele, ni gia ya juu. La katikati ni rivasi. La kulia ni breki. Mafuta huongezwa kwa kijiti kilicho chini ya usukani upande wa kulia, na cha kushoto hurekebisha wakati wa moto wa plagi. Petroli yake hushuka kwa mvutano tu, bila pampu, ndiyo maana wenye gari hilo walipanda milima mikali kinyumenyume tangi likiwa karibu tupu.

Kupiga hendeli kunavunja mikono ya watu wenye haraka. Weka nyutro, vuta breki ya mkono, rudisha moto wa plagi nyuma kabisa, yaani uchelewe kuwaka. Shika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, si kuizunguka. Vuta kwenda juu. Usisukume kwenda chini. Injini ikirudisha teke, hendeli itateleza kutoka vidoleni badala ya kukipindua kifundo cha mkono.

Barabarani acha nafasi kubwa mbele yako. Madereva wengine watalijaza pengo hilo, liache tena. Kama gari halina indikita, jifunze ishara za mkono na usidhani kila aliye nyuma anazielewa. Waipa zinazoendeshwa na mvuto wa hewa wa injini hupunguza kasi pale pale unapoongeza mafuta kupanda kilima kwenye mvua, kwa hiyo achia mafuta kidogo kioo kisafishwe, kisha endelea. Siku ya joto kali, gari likizima kwenye foleni na kukataa kuwaka, huenda petroli imegeuka mvuke kwenye bomba. Fungua boneti, subiri, ipoze pampu kwa kitambaa kilicholowa. Macho yawe kwenye geji mbili: ya oili na ya joto. Nyingine zaweza kudanganya bila madhara makubwa.

Hatua ya 5: Litunze kwa mafuta yanayolifaa

Hapa ushauri wa mitaani ni mwingi, na sehemu kubwa yake si sahihi.

Petroli yenye risasi iliuzwa tangu miaka ya 1920, na nchi ya mwisho kuiacha kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Risasi ilikuwa pia ikikinga viti vya valvu visimomonyoke. Gari lako likiwa na viti laini na unalikimbiza mwendo wa juu kwa muda mrefu, hilo ni tatizo. Dawa ni kuweka viti vigumu siku injini itakapofunguliwa. Ukitembea polepole wikendi, madhara huchelewa sana. Na magari ya kabla ya miaka ya 1920 yalitengenezwa kabla risasi hiyo haijaanza kutiwa kwenye petroli.

Adui wa sasa ni ethanoli. Huvuta maji, hulainisha mipira ya zamani, na huyeyusha shelaki, aina ya vanishi, iliyopakwa kwenye boya la gome ndani ya kabureta za zamani, boya likazama na petroli ikafurika. Tumia petroli yenye ethanoli kidogo iwezekanavyo, na weka mipira inayoihimili.

Oili za kisasa zimepunguzwa zinki, ilhali injini zenye tapeti bapa, vyuma vinavyosukuma valvu, huihitaji. Tafuta oili iliyoandikwa kuwa ni ya injini za kale. Kwenye giaboksi usimimine oili ya daraja la GL-5 kama kitabu kinataka GL-4, kwa kuwa viungo vyake vinaweza kula shaba iliyomo ndani. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishe kila miaka miwili. Ya silikoni hayanyonyi, lakini yasichanganywe na hayo mengine. Pointi za distributa zikague na uzirekebishe mwanya kwa kipimo cha kitabu. Sehemu zenye chuchu za grisi zipe grisi mara nyingi kuliko unavyodhani inafaa.

Hatua ya 6: Kulilaza

Ukilazimika kuliacha miezi kadhaa, badilisha oili kabla ya kulilaza, si baada, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi. Liweke mahali pakavu, usilifunike kwa turubai la plastiki, achia breki ya mkono na uweke vigingi kwenye magurudumu. Betri itoke au ifungwe kwenye chaja ndogo ya kudumu. Ziba ekzosi na mdomo wa hewa ili panya wasijenge, kisha ning'iniza kikaratasi kwenye usukani kinachosema umeziba. Usiliwashe kila wiki dakika tano likiwa limesimama: injini haipati moto wa kutosha, na maji ya moshi hubaki ndani ya oili na ekzosi. Ama liendeshe mpaka lipate moto sawasawa, ama liache lilale.

Hatua ya 7: Faili na bima

Faili moja nene: hati, risiti, picha za kila kazi kabla na baada, barua za wamiliki wa zamani, na daftari la kilomita, oili na matengenezo. Spea ulizotoa weka kwenye sanduku lenye lebo, hata zilizochakaa. Mnunuzi wa baadaye atataka kuona kabureta ya asili ilikwenda wapi.

Bima itafute ya thamani mliyokubaliana na kampuni, iandikwe kwenye mkataba. Bima ya kawaida hulihesabu gari lako kama chombo kilichochakaa.

Hatua ya 8: Kuliuza

Kizuri chajiuza, wanasema. Gari la kale halijiuzi hata likiwa zuri, kwa sababu wanaoweza kulinunua ni wachache na wametawanyika. Lazima uwafuate.

Anza na bei. Bei zinazoombwa kwenye matangazo ni ndoto za wauzaji. Tafuta bei zilizolipwa kweli, kwa mfano matokeo ya minada, kwa gari la aina, mwaka na hali kama ya lako. Gharama za ukarabati usizijumlishe. Ni nadra sana mtu kurudishiwa alichotumia, na mnunuzi hana deni na fundi wako.

Usilipake rangi upya ili kuuza. Rangi mbichi humfanya mnunuzi ajiulize inaficha nini, na rangi ya kiwandani iliyochakaa kwa heshima inaweza kuwa na thamani kuliko mpya, kwani ikishaondolewa hairudi. Osha, safisha injini bila kuifanya ing'ae kwa mashaka, rekebisha vitu vidogo: taa, honi, kitasa kinachokwama.

Piga picha nyingi mchana, zikiwemo za chini ya gari na za kila kasoro. Rekodi video ya kuliwasha likiwa baridi. Andika wazi kisicho cha asili na kisichofanya kazi. Anayekuja kutoka mbali akakuta ulichomwambia, hujadiliana kwa adabu. Tarakimu za mwisho za namba ya chesi zizibe kwenye picha, umwonyeshe aliye makini.

Mnada una kasi, lakini una kamisheni na gharama. Ukienda huko, weka bei ya chini ambayo gari halitauzwa ikiwa haijafikiwa. Vilabu vya aina ya gari lako huleta wanunuzi wanaojua, wagumu wa bei lakini wa haraka kuamua. Dalali anafaa kwa gari la thamani kubwa, mkiandikiana.

Mtu akitaka kulijaribu, ona leseni yake, hakikisha bima inamhusu, kaa naye ndani, na uendeshe wewe kwanza. Si kila mtu anajua klachi mara mbili, na giaboksi bado ni yako.

Fedha ndipo watu wanapoliwa. Yule asiyetaka kuliona gari, anayelipa zaidi ya bei na kuomba salio ulirudishe kwa “msafirishaji” wake, ni tapeli. Hundi hata ya benki si fedha mpaka benki yako, kwa namba ya simu uliyoitafuta mwenyewe, ithibitishe kuwa imeingia na haiwezi kurudishwa. Hati na funguo hubaki kwako mpaka hapo.

Mkataba uandike majina, namba za chesi na injini, kilomita, bei, tarehe na saa, na kwamba gari linauzwa kama lilivyo. Saini ziwe mbili, nakala mbili. Siku ya makabidhiano tenga muda wa kutosha. Mwonyeshe mnunuzi choki inavutwa kiasi gani asubuhi, bomba la petroli linafungwa wapi, gia ipi ina tabia ya kuruka. Mwachie yote kwenye karatasi, pamoja na faili na sanduku la spea. Kisha peleka taarifa ya mauzo kwa mamlaka ya usajili siku hiyo hiyo, na usifute bima yako mpaka jina limebadilishwa.